Wengi Wao Si Yatima: Dhana Potofu Kuhusu Watoto Walio Katika Makao ya Watoto Nchini Kenya

Desemba inapokaribia, makanisa, vyama vya akina mama na wafanyakazi wa ofisi mbalimbali nchini Kenya huchanga unga, sukari, mafuta ya kupikia na nguo, wakakodi basi na kuelekea kwenye makao ya watoto. Ukarimu huo ni wa kweli na sioni sababu ya kuukejeli. Hata hivyo, mengi ambayo wageni hao huamini kuhusu watoto wanaowatembelea, na kuhusu jamaa walioachwa nyumbani, hayalingani na hali ilivyo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba watoto hao ni yatima wasio na mtu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba duniani kote, angalau watoto wanne kati ya watano walio katika taasisi za malezi wana mzazi mmoja au wazazi wote wawili walio hai. Kenya, ambako watoto wanaolelewa katika makao ya aina hiyo wamekadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, haiko mbali na picha hiyo. Ikumbukwe pia kwamba hesabu za UNICEF humwita yatima hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu, hivyo takwimu kubwa za yatima zinazotajwa kwenye michango zinawajumuisha watoto wengi wanaoishi na mama zao.

Kinachowafikisha watoto wengi kwenye makao ni umaskini. Masomo ya msingi katika shule za umma hayalipiwi ada tangu mwaka 2003, lakini sare, viatu, chakula cha mchana na michango midogomidogo isiyokwisha bado humwangukia mzazi, na sekondari ya bweni humwangukia kwa uzito zaidi. Mama anayefua nguo za watu kwa kibarua cha siku, au aliyepata kazi ya nyumbani Uarabuni na hana wa kumwachia watoto, akisikia kwamba kuna makao yanayolisha, kuvisha na kulipa karo, huwapeleka wanawe huko, na sidhani kama kuna mzazi aliye katika hali yake ambaye asingelifikiria jambo hilo. Kwa familia maskini, makao yamegeuka shule ya bweni isiyo na karo. Mtoto mwenye ulemavu huingizwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu kijijini hakuna tiba ya viungo wala shule inayoweza kumpokea.

Hapo ndipo hujitokeza dhana ya pili, ambayo mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: kwamba mzazi maskini akipewa fedha mkononi atazinywea pombe, na kwa hiyo ni afadhali msaada upitie kwa meneja wa kituo. Jambo hili limechunguzwa kwa kina, tena hapa hapa Kenya. Mwaka 2004 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF, ilianza kwa majaribio kuzipa fedha kaya 500 za Kwale, Garissa na Nairobi zilizokuwa zikilea yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Mpango huo ulikua na sasa ni sehemu ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa fedha kaya zenye shida, unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Watafiti waliofuatilia kaya zilizolipwa na kuzilinganisha na zisizolipwa waliona kwamba watoto zaidi waliandikishwa sekondari, vijana walichelewa kuanza ngono na mimba za mapema zilipungua. Wachumi wa Benki ya Dunia waliokusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini hawakuona kwamba wanaopewa fedha taslimu huongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Ukikaa na nyanya anayelea wajukuu wanne utaelewa kwa nini. Malipo mara nyingi huja yakiwa yamechelewa, na kabla hajatoka kwa wakala tayari yana wenyewe: deni la unga dukani, kodi ya chumba, daftari, na sweta ya yule aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa sare kamili. Lawama ninayoiona kuwa ya haki dhidi ya mpango huu ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba kiwango cha shilingi 2,000 hakijapanda kwa zaidi ya muongo mmoja ilhali bei za vyakula zimepanda kila mwaka.

Wako wanaodhani kwamba kuwakusanya watoto pamoja ni nafuu. Hesabu zilizofanywa mkoani Kagera, Tanzania, wakati wa janga la UKIMWI zilionyesha kwamba kumlea mtoto katika taasisi kuligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa katika familia ya malezi.

Husemwa vilevile kwamba undugu umekwisha na siku hizi hakuna anayelea mtoto wa mwenziwe. Kaunti za Siaya na Homa Bay, zilizopoteza wazazi wengi kwa UKIMWI, zinaonyesha vinginevyo: sehemu kubwa ya watoto wale walilelewa na nyanya, shangazi na wajomba, bila bango wala mfadhili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, ambayo Waislamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki wameitumia kwa vizazi vingi. Rwanda, iliyokuwa na watoto zaidi ya 3,000 katika taasisi zake mwaka 2012, ilianza mwaka uliofuata mpango wa kuwarudisha kwa jamaa au kuwatafutia familia nyingine. Simaanishi kwamba kila jamaa ni salama. Wapo watoto waliotoroka kipigo au unajisi nyumbani, na hao hawafai kurudishwa kwa mtu yule yule ili tu takwimu zipendeze. Wanahitaji familia nyingine, pamoja na afisa wa watoto anayefika nyumbani kuwaona mara kwa mara.

Dhana ya mwisho ndiyo inayowaumiza vijana zaidi, nayo ni kwamba mtu akishatimiza miaka 18 anaweza kujitegemea. Kijana aliyekulia nyumbani hutimiza umri huo akiendelea kula na kulala pale pale. Aliyekulia kwenye makao huondoka na begi na barua ya meneja. Akifika ofisi ya chifu kuomba kitambulisho, huulizwa cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na jina la mzee wa kijiji anayeweza kumthibitisha, na barua ile haijibu hata swali moja. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hivyo hana M-Pesa yake mwenyewe, hawezi kufungua akaunti wala kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo au wa Hustler Fund, mifuko ambayo serikali yenyewe iliianzisha kwa ajili ya watu wasio na dhamana. Anaanza utu uzima nyuma ya vijana maskini wenzake, ambao angalau wana kwao.

Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, unakusudia kuwahamishia watoto kwenye familia na jamii hatua kwa hatua na kuwaandaa vijana wanaoondoka kwenye makao. Wafadhili na makanisa yanayochangia wana nafasi ya kuuliza maswali ambayo hayaulizwi siku ya kugawa unga: ni watoto wangapi hapa wanajulikana kwao, mara ya mwisho walitembelewa lini na ndugu zao, na ni nani bado hana cheti cha kuzaliwa. Cheti hicho hutafutwa kwa urahisi mtoto akiwa na miaka saba, wakati mkunga, jirani na mzee wa kijiji wanaomkumbuka mama yake bado wapo, kuliko akiwa na miaka 17 na ameshaambiwa tarehe ya kuondoka.