Je, wajua kwa nini Marekani mzazi havuliwi haki zake kwa ushahidi wa kawaida?

Watu wawili wakishtakiana deni nchini Marekani, hakimu hutazama mizani tu: upande uliozidi, hata kwa punje moja, ndio unaoshinda. Hadi mwaka 1982, jimbo la New York lilitumia mizani hiyohiyo kuamua jambo zito kuliko deni lolote: mzazi aliyemtelekeza mwanawe aendelee kuwa mzazi kisheria, au asiwe tena.

Kumvua mzazi haki si sawa na kumchukua mtoto. Mtoto anayepigwa au kushindishwa na njaa anaweza kuondolewa nyumbani siku hiyohiyo na kupelekwa kwa walezi wa muda. Mzazi hubaki mzazi. Hupewa masharti, mathalani kuacha dawa za kulevya au kupata makazi, na siku za kumtembelea mwanawe. Haki zikifutwa, hayo yote yanakoma. Hana tena haki ya kumwona, ya kujua anasoma wapi, wala ya kuulizwa pale anapoasiliwa na watu wengine. Mfungwa humaliza kifungo akatoka, lakini hukumu hii kwa kawaida haina siku ya kwisha.

Kesi iliyobadilisha mambo ni ya Santosky dhidi ya Kramer. Watoto watatu wa familia moja walikuwa wamechukuliwa, mmoja akiwa na siku tatu tu tangu azaliwe. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba ushahidi lazima uwe wazi na wa kushawishi: zaidi ya kuzidi kwa punje, ingawa si lazima ufikie kiwango cha kesi ya jinai.

Hoja yake inanigusa hadi leo. Mahakama ikikosea ikamwachia mzazi haki zake, mtoto harudishwi nyumbani papo hapo. Anaweza kuendelea kukaa kwa walezi na kesi ikafunguliwa upya. Ikikosea upande wa pili, familia imevunjwa bure. Tena serikali inakuja na mawakili, wataalamu na majalada iliyoyaandika yenyewe, na anayekaa upande wa pili mara nyingi ni fukara. Umaskini ukitazamwa harakaharaka hufanana sana na utelekezaji. Jokofu tupu halisemi ni kwa nini liko tupu.

Kwa watoto wa jamii za Wahindi Wekundu, sheria ya mwaka 1978 ilikuwa imekwenda mbali zaidi: madhara yanayohofiwa yathibitishwe pasipo shaka, na shahidi mtaalamu asikilizwe.

Lakini ipo kasoro ambayo siwezi kuinyamazia. Mwaka 1981 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Lassiter kutoka North Carolina, ilisema katiba haimhakikishii kila mzazi wakili katika mashauri haya. Mama yule alikuwa ameletwa kutoka gerezani, akalazimika kumhoji mwenyewe afisa wa ustawi wa jamii. Mengi aliyoyasema yalikataliwa kwa kuwa hayakuwa maswali hasa. Majimbo mengi sasa yanatoa wakili kwa sheria zao wenyewe, na nadhani hilo ndilo la chini kabisa analostahili mtu aliye katika hatari ya kumpoteza mwanawe.

Upande wa mtoto nao una uzito wake, kwa sababu utoto hausubiri kesi iishe. Sheria ya mwaka 1997 inaitaka serikali, kwa kawaida, ifungue shauri la kufuta haki mtoto akiwa amekaa kwa walezi miezi 15 kati ya 22 iliyopita. Inaweza kuacha kufanya hivyo mtoto akiwa kwa ndugu, au kama familia haikupewa msaada iliostahili.

Wapo wanaofutiwa wazazi kisha wasipate wa kuwaasili. Kwa ajili yao California, na majimbo mengine kadhaa, yamefungua mlango mdogo. California, mtoto ambaye hajaasiliwa miaka 3 baada ya hukumu anaweza kwenda mbele ya hakimu na kuomba arudishiwe mzazi wake.