Hiyo kota ya Oscar mnayoisema haifiki kwenye karatasi ya kura

Kila msimu wa tuzo ukikaribia napokea ujumbe uleule. Safari hii umetoka kwa mtu wa fani kabisa, mpiga picha ambaye tumewahi kufanya naye kazi: "Dada, Oscar siku hizi ni viti maalum tu. Ukiwa mweusi unapewa." Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko filamu fupi nyingi ninazoletewa. Akanirudishia kidole gumba. Basi naandika hapa, mwakani nitakuwa natuma linki.

Tuanze na vile vigezo vya uwakilishi ambavyo watu wanaviita kota, maana wengi wamevisikia kwa wanaovilaani tu. Akademi, chama kinachotoa Oscar, ilivitangaza mwaka 2020, vikaanza kubana kwenye Oscar za 2024. Viko vinne, A hadi D, na filamu inatakiwa kutimiza viwili. A ni ya kwenye skrini: mwigizaji mkuu au msaidizi mwenye uzito atoke kwenye kundi la rangi au asili lisilowakilishwa vya kutosha, au asilimia 30 ya waigizaji wa nafasi ndogo watoke kwenye makundi yasiyopungua mawili (wanawake wamo, wenye ulemavu wamo), au hadithi yenyewe iwahusu watu hao. B ni ya nyuma ya kamera, wakuu wa idara na kru. C ni nafasi za mafunzo kazini zenye malipo. D ni wakuu wa masoko, matangazo na usambazaji.

Sasa rudi usome C na D polepole. Hizo hazimuulizi mwongozaji chochote. Zinamuuliza mwenye studio. Studio kubwa yenye programu ya mafunzo na mabosi kadhaa wa masoko kutoka makundi hayo imeshamaliza viwili, na hakuna aliyegusa skripti wala kasti. Mwaka wa kwanza wa vigezo hivyo, filamu zilizokidhi masharti ya kushindania Oscar zilikuwa 321, na kati yake 265 zikaruhusiwa kuwania Filamu Bora. Iliyoshinda ni Oppenheimer, hadithi ya wanafizikia ambao karibu wote ni wanaume weupe, na ikabeba tuzo saba. Hiyo ndiyo dhuluma tunayoambiwa imewafungia Wazungu mlango.

Halafu vigezo hivyo vinahusu Filamu Bora peke yake. Mwigizaji Bora havimhusu. Mwongozaji, uhariri, mavazi, sauti, hakuna. Kiti maalum bungeni kinakupa kiti: unaapishwa, unapiga kura, unalipwa posho. Hapa hakuna aliyepewa kiti. Kuna fomu ya mlangoni, inajazwa na mtayarishaji, na ukishapita unaingia kwenye uchaguzi uleule wa jimbo na wenzako wote.

Na kama weusi wangekuwa wanagawiwa, Lupita wetu ilikuwaje? Alishinda mwaka 2014 kama Mwigizaji Bora Msaidizi wa Kike kwa 12 Years a Slave, sawa. Lakini kwa Us, ambamo aliigiza watu wawili kwa sauti mbili na miili miwili, wakosoaji wa New York walimpa Mwigizaji Bora wa Kike wa mwaka 2019 na chama cha waigizaji kikamteua. Oscar wakamwacha nje hata ya tano bora. Hiyo ilikuwa mwaka 2020, miaka minne baada ya zile kelele za 2015 na 2016 ambapo wateule wote 20 wa uigizaji walikuwa weupe, mwaka baada ya mwaka. Kati ya wateule 20 wa 2020 mweusi alikuwa mmoja, Cynthia Erivo. Na Halle Berry, aliyeshinda Mwigizaji Bora wa Kike mwaka 2002, hadi Oscar za 2025 alikuwa bado ndiye mwanamke mweusi pekee kuishika. Waongozaji weusi walioshinda Mwongozaji Bora hadi wakati huo: sifuri. Kota gani hiyo?

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi kweli, na hapa nitakaa.

Watu wanadhani uteuzi ni kujumlisha kura, kwamba anayependwa na wengi anaingia. Siyo. Waigizaji huteuliwa na tawi la waigizaji peke yao, na kila mmoja anaorodhesha majina kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa tano. Wanaotafutwa ni watano, kwa hiyo kizingiti ni moja ya sita ya kura na moja juu. Tawi lilikuwa na watu kama 1,300. Hata wote wakipiga kura, anayetajwa namba moja na watu mia mbili na kumi na ushee ameingia. Anayetajwa namba nne na watu mia tisa anaweza kabisa kubaki nje, kwa sababu ile namba nne yake huenda isifunguliwe: karatasi ikishamsaidia wa juu, imemaliza kazi. Mfumo huu haumtafuti anayekubalika na wengi. Unamtafuta mwenye kundi linalompenda kufa.

Mwaka 2023 tuliona inavyofanya kazi. Andrea Riseborough aliteuliwa kwa To Leslie, filamu ndogo iliyoingiza kama dola 27,000 tu kwenye majumba ya sinema. Kampeni yake ilikuwa marafiki: waigizaji wenye majina makubwa wakaandika mitandaoni, wakaalikana kuitazama, wakapigiana simu. Danielle Deadwyler wa Till na Viola Davis wa The Woman King, ambao chama cha waigizaji na BAFTA, watoa tuzo za filamu wa Uingereza, walikuwa wamewateua wote wawili, wakakosa. Akademi ikachunguza, ikasema baadhi ya mbinu za kampeni zinatia wasiwasi, ila uteuzi ukabaki.

Mimi sidhani hata mmoja katika wale waliopiga simu alikaa chini akawaza, "tumzuie dada mweusi." Na Riseborough aliigiza vizuri, tusimnyime haki yake. Lakini hebu fikiria watu mia mbili wanaoamkiana kwa majina ya utani, waliosoma pamoja, waliokaa seti moja miaka ishirini. Ni akina nani? Mfumo unaolipa urafiki utawalipa wenye marafiki wa siku nyingi, na Hollywood wenye marafiki wa siku nyingi ndani ya Akademi wana sura inayojulikana. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichambua orodha ya wanachama likakuta asilimia 94 ni weupe, asilimia 77 wanaume, na umri wa katikati miaka 62. Hapo huhitaji mbaguzi hata mmoja chumbani ili matokeo yatoke ya kibaguzi. Nimelisema hili kwenye paneli, kwenye baa, kwenye gari la kru saa kumi alfajiri, na bado naulizwa, "kwa hiyo nani mbaguzi?"

Kwa hiyo hatua pekee yenye meno ilikuwa ya Januari 2016: bodi iliamua kuongeza maradufu wanawake na watu wa rangi ifikapo 2020, na kuwaondolea kura wanachama waliokwisha kuacha kazi siku nyingi. Wanachama kutoka makundi ya rangi yasiyowakilishwa walipanda kutoka 554 hadi 1,787. Ukitaka kuiita hiyo upendeleo, iite. Nami naitetea. Ila ni upendeleo wa nani ashike kalamu, kalamu yenyewe haiongozwi na mtu.

BAFTA walijaribu njia nyingine. Baada ya 2020, ambapo wateule wao wote wa uigizaji walikuwa weupe, walipindua kanuni zao, wakaweka orodha ndefu na majopo madogo ya uteuzi. Mwaka 2021 wateule 16 kati ya 24 wa uigizaji wakawa kutoka jamii zisizo za weupe. Nikashangilia, siwezi kukataa. Mwaka 2023 wateule bado walikuwa mchanganyiko mzuri, na washindi wa usiku ule wakawa weupe watupu. Jopo linaweza kukusogeza hadi mstari wa mwisho, kura ya mwisho ikarudi kwa wanachama wote. Na hapa nakiri sina jibu. Sijui kama dawa ni kuendelea na majopo, au majopo yanatupa picha nzuri ya zulia jekundu na kuacha mambo yalivyokuwa.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye makala za haki ya rangi sijaliona likiandikwa, labda kwa sababu waandishi wake si watu wa vyumba vya giza. Kazi yangu ni kupanga rangi za filamu. Filamu tunaimaliza kwenye chumba cheusi, skrini imepimwa, macho yameshazoea. Ngozi nyeusi kwenye mwanga hafifu inakaa chini kabisa ya wevufomu, ile grafu ya kupimia mwanga wa picha, uso mzima unaishi kwenye asilimia chache tu juu ya weusi mtupu. Uso mweupe kwenye mwanga uleule unakaa juu zaidi, una nafasi ya kupumua. Sasa ipeleke filamu hiyo kwenye runinga ya sebuleni iliyoachwa kwenye modi ya dukani, ile inayokoleza kila kitu. Cha kwanza kufutwa ni nini?

Niliwahi kukaa kwenye jopo la tamasha moja la ukanda huu, silitaji. Tulitazamia filamu kwenye chumba cha mikutano cha hoteli, mapazia wazi kwa sababu kiyoyozi kimekufa, runinga ukutani. Kuna sini ndefu jikoni, mama na mwanawe, mwanga ni wa koroboi. Majaji wenzangu walishaandika: picha giza, mwigizaji hana hisia. Nikaomba rimoti, nikazima ule ukolezaji, nikafunga mapazia, tukarudia. Kumbe mama wa watu alikuwa anatabasamu kwa uchungu sini nzima, mdomo unatetemeka. Alama zikapanda palepale. Chumba kizima tulikuwa Waafrika, jamani. Ubaguzi ule ulikuwa kwenye menyu ya runinga. (Wazee wa maabara wanazijua kadi za Shirley za Kodak, mwanamke mweupe aliyekuwa kipimo cha rangi ya ngozi kwenye kuchapa picha. Hili si jambo la jana.)

Wapiga kura wa Oscar hutazama nyingi nyumbani, kwa linki. Na hadi juzi hawakulazimika kutazama. Kanuni kwamba huwezi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele bila kuwa umeona filamu zote zilizoteuliwa humo ilitangazwa mwaka 2025, ikaanza kutumika kwenye Oscar za 2026. Kabla ya hapo, kwenye vipengele vingi, ilikuwa imani. Unaweza kuongeza wanachama weusi elfu, kama filamu haikutazamwa haikutazamwa. Selma, filamu ya Martin Luther King, ndiyo mfano wangu wa siku zote: DVD za kutazamia hazikufika kwa vyama vya waigizaji, waongozaji na watayarishaji kwa wakati, na kwenye Oscar za 2015 ikaambulia Filamu Bora na Wimbo tu kwenye uteuzi. Lakini David Oyelowo, mwigizaji wake mkuu, naye alieleza baadaye kwamba kuna wanachama waliochukia wasanii wa filamu ile kuvaa fulana za "I Can't Breathe", za kupinga ukatili wa polisi, na kuapa kutoipigia. DVD au fulana? Nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa, na anayekwambia anajua uzito wa kila kimoja anakudanganya.

La mwisho, na hili linatuhusu sisi. Makundi kwenye ile fomu ni ya Kimarekani. Filamu ya Dar es Salaam inatimiza A na B kabla hujamaliza kuandika jina lake, kwa sababu wote ni weusi. Mtoto wa bosi wa Masaki na Mhadzabe kutoka Eyasi ni kitu kimoja kwenye fomu. Nani hawakilishwi katika filamu zetu wenyewe, fomu hiyo haioni, wala haikutengenezwa ione. Mwaka 2018 filamu fupi Watu Wote, ya lile basi lililovamiwa na magaidi Mandera, Kenya, Kiswahili kwa sehemu kubwa, iliteuliwa Oscar. Mwongozaji wake ni Mjerumani na ilitoka chuo cha Hamburg. Niliipenda. Bado sijui niihesabu upande gani.

Na kipengele tunachokigombea sisi zaidi, Filamu Bora ya Kimataifa, vigezo hivyo havikigusi kabisa. Pale nchi inapeleka filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya hukohuko nyumbani, na zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Nigeria walipeleka Lionheart mwaka 2019 ikaondolewa kwa sharti hilo la lugha, filamu ya nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha yake rasmi. Kwa hiyo kaka yangu wa kidole gumba, filamu yako ikikosa Oscar mwakani, kabla ya kuuliza weusi wa Marekani wamependelewa vipi, uliza kamati ya kwetu ilikaa lini, ilikuwa na nani, na ilitazamia runinga gani.