Sayari na Misukosuko ya Dunia: Dhana Potofu Ninazozisikia Kila Mara

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha elimu ya falaki jioni, pembeni mwa darubini, kwa watu wa kila aina, na ni nadra kumaliza kipindi bila mmoja wao kunyoosha mkono na kuuliza kama ni kweli kwamba Zohali na Pluto ndizo zilizoleta korona. Kuulizwa hakunichoshi. Kinachonichosha ni kwamba muulizaji huwa amekwisha kuja na jibu lake, pamoja na orodha ya miaka aliyoikariri: 1914, 1947, 1982, 2020. Orodha hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na nimeona ni heri niijibu kwa urefu mara moja, kisha yale mengine yanayoandamana nayo niyapitie kwa haraka.

“Kila Zohali na Pluto zinapokutana, dunia hupinduka”

Nianze na lililo kweli. Zikitazamwa kutoka duniani, Zohali na Pluto hukutana, yaani huonekana mahali pamoja angani, kila baada ya miaka 31 hadi 38 hivi. Zilikutana mwishoni mwa mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza miezi michache kabla; zikakutana Agosti 1947, siku chache kabla ya India na Pakistani kupata uhuru na kutengana kwa umwagaji mkubwa wa damu; zikakutana Novemba 1982; na zikakutana tena tarehe 12 Januari 2020, siku 12 tu baada ya Shirika la Afya Duniani kupata taarifa ya ugonjwa wa mapafu usiojulikana katika mji wa Wuhan. Tarehe hizo ni sahihi, na mnajimu, yaani mtabiri wa nyota, anayezitaja hadanganyi.

Kosa limo katika njia ya kuhesabu. Aliyeitunga orodha hii alianza na tukio, kisha akarudi nyuma angani kutafuta sayari zitakazolifaa, akayaacha matukio yaliyokataa kuingia. Ukitaka kujua kama sayari zina uhusiano wowote na misukosuko ya wanadamu, huna budi kuanza na anga: zitaje kwanza siku zote ambazo jozi fulani ilikutana, ndipo uitazame historia yote, ile inayokuunga mkono na ile inayokukanusha. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliua mamilioni ya watu, wengi kuliko waliouawa katika vita vilivyokuwa vikimalizika wakati huo, lakini katika miezi yake mibaya zaidi Zohali na Pluto zilikuwa zimeachana kwa nyuzi 50 hivi. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, waliponyakua madaraka nchini humo mwaka 1917, zilikuwa zimeachana kwa takribani nyuzi 40. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989, umbali wake ulikuwa unakaribia nyuzi 60. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa siku ya kukutana, wala ya kukabiliana, yaani kuwa pande mbili za anga zilizo kinyume, wala ya kufanya pembe ya nyuzi 90.

Nikiyasema hayo hujibiwa kwa namna mbili, na zote mbili zinaniudhi. Ya kwanza ni kwamba nyuzi 45 nazo huhesabiwa, kwa hiyo miaka ya 1917 na 1918 isamehewe. Ya pili ni kwamba mwaka 1989 ulikuwa wa Zohali na Neptuni, na Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa ya Uranusi na Pluto, zilizokabiliana katika miaka ya 1790. Maana yake ni kwamba tukio likiikosa jozi hii hupewa jozi nyingine, na pembe isipotosha huongezwa pembe. Kanuni inayopanuliwa kila inaposhindwa haiwezi kushindwa kamwe, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kutufundisha jambo lolote.

Ninaomba msomaji achukue kalamu tufanye hesabu hii pamoja, kwa maana ndiyo inayomaliza shauri. Sayari za mwendo wa polepole ambazo wanajimu wa mambo ya dunia huzitumia ni tano: Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni na Pluto, na kutokana na sayari tano zinapatikana jozi 10. Tuchukue pembe kali tu, yaani kukutana, kukabiliana, na zile pembe mbili za nyuzi 90, na turuhusu kupungua au kuzidi kwa nyuzi 8, kiasi ambacho wengi wao wangekiona cha wastani. Pembe nne zenye upana wa nyuzi 16 kila moja zinachukua nyuzi 64 kati ya 360, kwa hiyo jozi moja huwa ndani ya pembe kali kwa takribani asilimia 18 ya wakati wote. Uwezekano wa jozi zote 10 kuwa nje kwa pamoja ni kama asilimia 14. Ni makadirio, kwa kuwa mizunguko ya sayari hizi haijitengi kabisa, lakini sura yake haibadiliki: katika muda wa miaka 100, kwa takribani miaka 86 kutakuwa na angalau jozi moja ya sayari hizi iliyo katika pembe ambayo mnajimu angeiita ya hatari. Kila vita, kila njaa na kila mapinduzi yataangukia humo kwa wingi, hata kama sayari hazina habari nayo. Na hapo bado sijaziongeza nyuzi 45, wala Mirihi, wala kupatwa kwa jua.

Haki inanitaka nitaje hoja iliyo bora kuliko zote upande wa pili, kwa sababu wanaonijia kwa kawaida hawaijui. Mnajimu Mfaransa André Barbault, aliyefariki mwaka 2019, aliandika mapema kabisa kwamba kukutana kwa Zohali na Neptuni mwaka 1989 kungekuwa wakati mzito kwa ukomunisti, kwa kuwa sayari hizo zilikutana pia mwaka 1917 na katika majira ya kifo cha Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, mwaka 1953. Mwaka 2011 aliandika tena kwamba kulikuwa na hatari ya janga la maradhi kuelekea 2020 na 2021. Huyu alifanya jambo ambalo wenzake wengi hukwepa, yaani kuweka tarehe kwenye maandishi kabla ya tukio, na kwa hilo ninamheshimu kwa dhati. Lakini mtu huyo huyo, kwa kipimo alichokitumia cha jumla ya umbali kati ya sayari za polepole, aliingiwa na hofu ya vita vikuu vya dunia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vita hivyo havikuja. Anayenitajia 1989 bila kunitajia hofu ile ya miaka ya 1980 amenipa nusu ya daftari.

Na daftari ndilo ushauri wangu wa siku zote, ambao wanafunzi wangu wameusikia hadi wameuchoka. Mtu akikuletea utabiri, mwombe auandike leo: tukio gani, mahali gani, kati ya tarehe ipi na ipi, na ni jambo gani likitokea au lisipotokea atakubali kwamba amekosea. “Mabadiliko makubwa ya mifumo” haliandikwi kwenye daftari hilo, kwa sababu haujapita mwaka usiokuwa nayo.

“Wahenga walijua kwamba Uranusi ni sayari ya mapinduzi”

Wahenga hawakuijua Uranusi. William Herschel aliigundua tarehe 13 Machi 1781, wakati wa mapinduzi ya Marekani na miaka michache kabla ya yale ya Ufaransa, na sifa ya uasi ikabandikwa juu yake baadaye kutokana na zama zilizoizaa. Neptuni ilionekana na kutambuliwa mwaka 1846, Pluto mwaka 1930. Ukiipa sayari maana kutokana na matukio ya zama ilipogunduliwa, kisha ukaitumia maana hiyo kuyaeleza matukio yale yale, umezunguka palepale.

“Sayari zikijipanga mstari mmoja, nguvu zake huivuta dunia”

Hazijipangi mstari mmoja, kwa kuwa njia zake zimeinamiana na kila moja ina mwendo wake. Tarehe 10 Machi 1982, siku ambayo watu walitishwa kwamba mpangilio wa sayari ungesababisha tetemeko kubwa huko California, sayari zilikuwa zimetawanyika katika upana wa nyuzi 95 hivi, na tetemeko halikutokea. Nguvu ya Zuhura ya kuyafanya maji ya bahari yajae na kupwa, hata ikiwa karibu nasi kabisa, haifiki sehemu moja kati ya 10,000 ya ile ya mwezi. Mshtarii haifiki hata sehemu moja kati ya 100,000. Hata neno “kukutana” linahusu macho yetu tu: tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana karibu kugusana, ilhali kati yake kulikuwa na zaidi ya kilomita milioni 700.

“Lakini utabiri wa zamani ulitimia”

Kumbukumbu za zamani ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu humo makosa hayakupata mahali pa kujificha. Septemba 1186 sayari zote zilizojulikana zilikusanyika katika Mizani, na wanajimu wa Mashariki na Magharibi wakaonya juu ya dhoruba za kutisha. Mwezi ukapita bila dhoruba hizo. Almanaki iliyotungwa na Johannes Stöffler na mwenzake mwaka 1499 ilionyesha kwamba Februari 1524 kungekuwa na mikutano mingi ya sayari katika Samaki, nyota ya maji, na kutokana nayo vikachapishwa vijitabu zaidi ya mia moja, vingi vikitangaza gharika. Gharika haikuja. Miezi michache baadaye wakulima wa Ujerumani waliasi, na hapo wako waliosema kwamba kumbe maji yale yalikuwa mfano wa umati wa watu. Ni haki kueleza kwamba kijitabu cha Leonhard Reynmann cha mwaka 1523 kilikuwa na picha ya wakulima wenye silaha. Lakini picha ile ilichorwa katika nchi ambayo maasi ya wakulima yalikuwa yamezuka mara kadhaa katika miongo iliyotangulia, na aliyeitazama hali ya mashamba hakuhitaji kuitazama Zohali.

Kardinali Pierre d’Ailly naye, mwaka 1414, aliandika kwamba kama dunia ingefika mwaka 1789 kungekuwa na mageuzi makubwa, hasa katika sheria na dini. Mwaka huo unashangaza kweli. Ila kilichokuwa moyoni mwake kilikuwa kuja kwa Mpinga Kristo, jambo ambalo wanaomnukuu huliruka.

Mfano wa mwaka 1345 ndio unaonihuzunisha. Walimu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walipotakiwa na mfalme mwaka 1348 kueleza tauni iliyokuwa ikiangamiza watu, walitaja kukutana kwa Zohali, Mshtarii na Mirihi katika Ndoo miaka mitatu iliyotangulia. Bakteria wenyewe walikuja kutambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894.

“Ukali wa 2020 ulitokana na nyota ya Mbuzi”

Kwa hesabu ya wanajimu wa Magharibi, ndiyo, Zohali na Pluto zilikuwa katika Mbuzi siku zilipokutana. Kwa hesabu ya wanajimu wa India, inayotofautiana na hiyo kwa takribani nyuzi 24, zilikuwa katika Mshale siku hiyo hiyo.

“Unajimu ulikuwa kazi ya wajinga”

Dhana hii huletwa na wale wanaodhani wako upande wangu, nami siikubali. Abu Ma’shar wa Baghdad, aliyezipanga tawala na dini kwa mikutano ya Mshtarii na Zohali ya kila miaka 20, alikuwa akitafuta utaratibu katika historia kwa zana bora za karne ya 9. Johannes Kepler alikuwa akiwachorea wanafunzi wake mikutano hiyo hiyo mwaka 1595 alipopata wazo lililomwelekeza kwenye utafiti wa mizunguko ya sayari. Majedwali wanayoyatumia wanajimu leo yametokana na sheria zake za mwendo.

Mshtarii na Zohali zitakutana tena kuelekea mwisho wa mwaka 2040. Anayeamini kwamba mkutano huo una neno kwa mataifa ana muda wa kutosha kuliandika, na ninamkaribisha aje nalo kwenye darubini, likiwa na mahali, tarehe na sharti la kushindwa. Nitalibandika daftarini kwa mkono wangu.