Umeshonwa kano ya kisigino? Weka viatu vya mbio kabatini kwanza

Kila Kilimanjaro Marathon inapokaribia, wakimbiaji wa hapa Moshi walioshonwa kano hujaa kwenye benchi letu la mazoezi tiba na maswali yaleyale. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Kano ya kisigino ni nini?
Ni ule mshipi mgumu unaotoka kwenye kigimbi na kushika mfupa wa kisigino. Ukiubana kwa vidole viwili juu ya kisigino, utausikia. Ukikatika, wengi hudhani wamepigwa teke kwa nyuma. Wakigeuka, hakuna mtu.

Nimeshonwa wiki 6 zilizopita na hainiumi tena. Nianze kukimbia taratibu?
Hapana. Kutouma si kupona. Maumivu yamepungua kwa sababu ngozi imeziba na uvimbe umetulia. Kano yenyewe hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo huponea polepole. Wiki hizi imeunganishwa na nyuzi changa, tena zimejipanga ovyo. Kukomaa kwake huchukua miezi mingi, hata mwaka.

Kilomita 2 tu, tambarare, kule Rau?
Hapana, hata moja. Kila hatua ya mbio huivuta kano kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wako mara kadhaa. Hatari ya kukatika tena ni kubwa zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, yaani wakati huohuo unaojisikia mzima.

Nikimeza diklofenaki kwanza?
Tafadhali, usifanye hivyo. Dawa ya maumivu haiongezi nguvu kwenye kano, inakuzuia tu usisikie ikilalamika. Narudia, maana nalisema kila wiki na kila wiki halisikiki: kutouma si kupona.

Kwa nini mguu umefungwa vidole vikielekea chini?
Ili ncha zilizoshonwa zisivutwe. Baadaye unapewa kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino, na tunavipunguza kimoja kimoja. Sisi ndio tunavipunguza. Usivitoe mwenyewe kwa sababu jirani yako alitoa vyake mapema. Na usiku usiende bafuni peku: wengi ninaowaona wakirudi kushonwa hawakukatikia uwanjani, waliteleza kwenye sakafu yenye maji au waliruka kutoka kwenye bodaboda.

Kigimbi kimevimba. Mama anataka kunikanda kwa maji ya moto.
Mshukuru mama, lakini asiguse. Kigimbi cha mguu ulioshonwa kikivimba ghafla, kikauma na kuwa cha moto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikichua, bonge linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nisisubiri nione kama uvimbe utapungua?
Usisubiri. Si kesho, si baada ya siku ya soko, si mpaka kaka arudi na gari. Watu wanatufikia siku ya nne wakinukia dawa ya kuchua, na wanashangaa tukiacha kila kitu kuwahudumia. Ukiongezea pumzi kubana au kifua kuchoma, ni dharura: ondoka dakika hiyo. Mshono ukitoa usaha au ukifunguka, nao ni siku hiyohiyo.

Basi nitakimbia lini?
Wengi huanza mbio za taratibu kati ya mwezi wa 4 na wa 6 tangu kushonwa, na kurudi kwenye mashindano kati ya mwezi wa 9 na wa 12. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Simama kwa mguu ulioshonwa, shika ukuta kidogo, inua kisigino mpaka juu kabisa, shusha, rudia. Tunataka ufike mara 25 hivi, au ukaribie sana mguu mzima, bila kisigino kuinuka nusunusu. Wakimbiaji wazuri sana wamekwama kwenye ya tano huku wakiniambia wako tayari kwa kilomita 42.

Lakini nimeshajisajili na kulipia.
Pole. Siku hiyo nenda uwanja wa Ushirika ukae ushangilie. Jumatatu njoo na kaptura, tuhesabu visigino.