Leza ya retina kwa mwenye kisukari: madhara ya kawaida na ya hatari

Leza inafanya nini hasa jichoni?

Kisukari cha miaka mingi huziba mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina iliyokosa oksijeni huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayovuja damu. Daktari huchoma kwa leza, yaani mwanga mkali, pembezoni mwa retina vidoa takribani 1,200 hadi 1,600, mara nyingi kwa awamu, ili sehemu hiyo isidai oksijeni na mishipa hiyo inywee. Pembezoni panatolewa kafara ili kati pasalimike. Uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Inauma?

Wengi husikia kuchomwachomwa, zaidi leza inapopita juu ya neva zilizoko kulia na kushoto mwa jicho. Parasetamo gramu 1 nusu saa kabla husaidia. Maumivu yakizidi, omba sindano ya ganzi. Kula na utumie dawa zako za sukari kama kawaida. Usigeuze jicho kuufuata mwanga, na ukitaka kukohoa sema kwanza: leza ikitua kitovuni mwa retina, huacha doa la kudumu katikati ya uoni.

Mbona sasa naona vibaya kuliko mwanzo?

Siku hiyo ni matone ya kupanua mboni na ule mwanga mkali. Usiendeshe gari wala pikipiki. Ukungu ukiendelea baada ya siku kadhaa, huenda kitovu cha retina kimevimba. Uvimbe huu mara nyingi hupungua wenyewe kwa wiki kadhaa, na ili kuuepuka daktari hugawa leza kwa awamu au hutanguliza sindano ya dawa ndani ya jicho.

Kuona kwa shida gizani na kupungua kwa uoni wa pembeni ni jambo jingine. Hilo hubaki, na ulipaswa kuambiwa kabla ya kutia sahihi ya kukubali leza.

Naona vitu vyeusi vinaelea. Leza imepasua mshipa?

Kwa kawaida sivyo. Mishipa mipya ikinywea huacha kovu linalovuta, na mshipa uliobaki hutoa damu. Mjulishe daktari wako, na lala umeinua kichwa ili damu itulie chini.

Lini nikimbilie hospitali?

Siku hiyohiyo, ukiona pazia jeusi au vimulimuli vipya: huenda retina inabanduka. Vilevile jicho likiuma sana, likiwa jekundu, nawe unatapika. Leza nyingi kwa mkupuo mmoja inaweza kukusanya majimaji nyuma ya retina, yakasukuma lenzi ya jicho kwa mbele na kuziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho ikapanda ghafla. Parasetamo haitibu hilo.