Jogoo wa Chaucer hakusema hivyo

Nimeusikia tena, safari hii kwenye hotuba ya harusi: "Kama alivyotuusia mshairi mkuu wa Waingereza, Chaucer, mashauri ya wanawake mara nyingi huleta maafa." Ukumbi ukacheka, bibi harusi akainamisha kichwa. Mimi nafundisha mashairi haya, na nasema kwa mara nyingine: Chaucer hakutuusia hivyo.

Mstari wenyewe umo, sikatai. Umo katika kisa cha jogoo Chauntecleer, anachokisimulia kasisi wa watawa ndani ya The Canterbury Tales, mkusanyiko wa visa wanavyosimuliana mahujaji safarini, kazi ya mwishoni mwa karne ya 14. Jogoo anaota mnyama mwekundu-manjano anataka kumkamata. Mtetea wake, Pertelote, anamwambia ndoto ni tumbo tu, anywe dawa ya kuharisha. Jogoo anambishia kwa visa virefu vya ndoto zilizotimia, na kwa hoja anamshinda. Someni hapo polepole! Ushauri wa mke ameukataa mbele ya macho yetu. Kisha anamtazama Pertelote, moyo unamjaa furaha, anasema ndoto na zipuuzwe, anaruka chini kutoka kwenye boriti. Kilichomshusha ni mapenzi na majivuno yake. Anayemlaumu mke ni msimulizi.

Na msimulizi huyo ni nani? Ni kasisi katika msafara wa mama mkuu wa watawa. Akishatamka kwamba ushauri wa mwanamke ndio uliomtoa Adamu peponi, anageuka mara moja: hayo ni maneno ya jogoo, si yangu. Uongo. Jogoo hakuyatamka popote. Rudini nyuma mtafute. Chaucer anatuonyesha mtu akitupa neno kisha akificha mkono, nasi tunalibeba neno hadi ukumbini na kuliita hekima.

Mbweha anakuja, anamsifia jogoo sauti, jogoo anafumba macho awike, anakabwa shingo. Anaokoka kwa kumfanya mbweha naye afumbue kinywa. Haya mnayajua.

Wengi wetu tulizoeshwa shuleni kuulizwa, "Unapata funzo gani?" Hapa mafunzo ni matatu: la jogoo, usifumbe macho panapotakiwa kuona, la mbweha, usipayuke panapotakiwa kunyamaza, la kasisi, usiamini sifa za uongo. Kisha kasisi anatuambia tuchukue tunda, makapi tuyaache. Vitabu vya mwongozo hupita hapo bila shaka yoyote. Mimi sina uhakika huo. Kila nikisoma upya naona utamu wote umo katika hayo anayoyaita makapi, na siku nyingine naamini Chaucer alitaka tusimtii.

Angalieni kabla tu jogoo hajashuka. Anamwambia mkewe kwa Kilatini, Mulier est hominis confusio, mwanamke ni maangamizi ya mwanamume. Halafu anamfasiria: "Maana yake, mpenzi, mwanamke ni furaha ya mwanamume na raha yake yote." Anamdanganya, au Kilatini hakijui? Nimelibeba swali hilo miaka mingi, na jibu langu hubadilika.

Darasani Kilatini hukiacha kama kilivyo, kisha nasoma tafsiri ya jogoo kwa sauti ya upole. Huwa kimya kidogo. Halafu mmoja aliyepitia seminari anaanza kucheka peke yake, na wenzake wanamgeukia wakitaka kujua kuna nini.