Kuruhusiwa si kupona
Wengi wanadhani mgonjwa akiruhusiwa hospitali basi kapona, kilichobaki ni kumpeleka nyumbani apumzike. Hapana jamani. Maana yake hahitaji tena manesi wa saa 24, ile kazi yao sasa unaibeba wewe. Na kuitikia "sawa sista" pale mlangoni haitoshi, mwombe nesi akuangalie ukifanya mwenyewe kabla hamjaondoka, kufunga kidonda, kumhamishia kwenye kiti, kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi kama hawezi kujigeuza maana vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia upande mmoja, vinaanza kimyakimya. Dawa za zamani uliza zipi zinaachwa, hapo ndo watu wanampa za zamani pamoja na mpya, dozi mara mbili bila kujua. Na namba ya kupiga usiku hali ikibadilika, iandike kabisa.